Karatasi kwanza, skrini baadaye: mashine ya ECG ninayoitaka Kigoma

Hospitali yetu imepata fedha za kununua mashine mbili za kubebeka za ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi, na mganga mfawidhi amenikabidhi mimi kazi ya kuandika vigezo kabla zabuni haijatangazwa. Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Nilisomea Arusha, nikapangiwa Kigoma, na sijaondoka. Tangu habari za fedha hizo zisambae, kila anayenikuta koridoni ana la kusema. Daktari wetu kijana anataka skrini kubwa ya kugusa. Afisa ugavi anataka bei ya chini. Sista in-charge wa wodi ya magonjwa ya ndani aliniambia neno moja tu: "Fundi, niletee mashine ambayo saa nane usiku itawaka."

Vigezo nimeshaviandika na kikao kimevijadili. Naeleza hapa nilichoweka na sababu zake, maana mafundi wenzangu wa Kasulu, Kibondo, Urambo na Nzega huniuliza jambo hili hili, na kwa simu haliishi.

Nilianza na karatasi. Mashine ya ECG inachora kwa joto: karatasi imepakwa dawa inayogeuka nyeusi inapoguswa na kichwa cha printa kilichopata moto, kwa hiyo wino hauhitajiki. Lakini haikubali karatasi yoyote tu. Ziko roli za milimita 80 kwa mashine za chaneli 3 (yaani zinazochapa mistari mitatu kwa pamoja), ziko za 110 na 112 kwa chaneli 6, ziko za 210, 215 na 216 kwa chaneli 12. Ziko zilizoviringishwa na ziko zilizokunjwa kurasa kwa kurasa, zenye alama nyeusi pembeni ambayo mashine huisoma ili ijue ukurasa unaanzia wapi. Karatasi ya 112 haiingii kwenye mashine ya 110 hata ukiibembeleza. Ukiweka isiyo na alama, mashine nyingine inasukuma karatasi tupu bila kusimama, nyingine inagoma na kudai karatasi imekwisha. Hapa mwisho wa reli, roli ikiisha Ijumaa jioni hakuna duka la kukimbilia. Inaagizwa Mwanza au Dar es Salaam, inapakiwa kwenye basi, na muda wote huo mashine ya mamilioni imekaa imefunikwa kitambaa.

Ndiyo maana kigezo changu cha kwanza kinasema mashine iweze kuchapa yenyewe vijisanduku vya kupimia mchoro kwenye karatasi nyeupe ya joto, na upana wa karatasi yake uwe ule unaouzwa na wauzaji zaidi ya mmoja hapa nchini. Mashine inayojichorea vijisanduku haikufungi kwa kampuni moja. Ile ya milimita 80, ikibidi, inakubali hata roli pana za risiti za madukani, mradi kiini cha roli kiingie kwenye mhimili wake. Mchoro hautoki safi kama kwenye karatasi yake halisi, ila mgonjwa mwenye maumivu ya kifua hawezi kusubiri basi la Mwanza. Mwongozo unataka ECG yake iwe imepigwa na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu afike.

Mjadala mrefu zaidi kikaoni ulikuwa wa chaneli. Mashine ya chaneli 3 ni nyepesi na ya bei nafuu. Inapima pande zote 12 za moyo sawa na nyingine, ila inazichapa tatu tatu, kwa zamu, kwenye utepe mrefu. Utepe huo hukatwa kwa mkasi na kubandikwa kwenye karatasi ya A4 ndani ya faili, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Vipande hubandikwa kwa mpangilio usio wake. Gundi ya selotepu huifubaza karatasi ya joto, na hata mfuko wa plastiki au tone la kitakasa mikono hufanya hivyo hivyo. Miezi ikipita, daktari wa kliniki anafungua faili ili alinganishe ECG ya zamani na ya leo, anakuta utepe wa kahawia wenye kivuli cha mistari.

Kuna shida nyingine kubwa kuliko hiyo. Moyo unapodunda bila mpangilio, zile tatu tatu zinakuwa za mapigo tofauti. Wagonjwa wa namna hiyo tunawaona: mwanamke kijana ambaye homa ya rumatiki ya utotoni iliacha vali ya moyo wake imebana, ujauzito ukakua, sasa anahema na mapigo yamevurugika. Daktari anataka pigo moja alione kutoka pande zote 12 kwa wakati mmoja, kwenye ukurasa mmoja. Nikapendekeza mashine ya chaneli 12 yenye karatasi ya A4 kwa idara ya dharura, na ya chaneli 6 kwa kuzunguka wodini na kwenye kliniki za vijijini. Afisa ugavi aliuliza kwa nini zote zisiwe za chaneli 3 tubakize fedha. Daktari wa magonjwa ya ndani alitoa kwenye begi lake utepe mmoja uliobandikwa kichwa chini, akauweka mezani mbele yake. Hoja yangu ikapita.

Sasa nije kwenye mchoro wenyewe, ambao ndio kazi yote ya mashine hii. Wauzaji hupenda kufanya maonyesho kwenye ofisi yenye kiyoyozi, kwa kijana wao aliyelala kimya au kwa kifaa kinachoigiza mapigo ya moyo. Hapo mashine yoyote inachora vizuri. Nimeandika kwamba majaribio yatafanyika wodini, kwa wagonjwa waliokubali kwa hiari yao, kwanza mashine ikiwa imechomekwa ukutani, kisha ikiwa kwenye betri.

Sababu yangu ni mzee mmoja mvuvi, mwembamba, mbavu zimetokeza, aliyelazwa wodi ya wanaume. Muuzaji mmoja alikuwa amekuja na mashine yake tuijaribu. "Fundi, hii haitanipiga shoti?" mzee aliuliza. Nikamjibu, "Hapana mzee wangu, haitoi umeme hata kidogo, inasikiliza ule wa moyo wako." Akalala, lakini mwili ulikuwa unatetemeka kwa baridi na woga. Vile vikombe vya mpira vya kifuani havikushika kwenye mbavu. Kimoja kikidaka kingine kinadondoka. Mstari ukatoka mnene, wenye manyoya. Muuzaji akabonyeza kichujio cha misuli cha hezi 35 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), mstari ukanyooka, ukapendeza, akanitazama kwa furaha.

Mimi sikufurahi. Kichujio hicho hukata mitetemo ya misuli, lakini hukata pia ncha kali za mchoro wa moyo, na ncha hizo daktari anazihitaji. ECG ya kutibia mtu mzima inatakiwa ipitishe mawimbi kuanzia hezi 0.05 hadi 150. Upande wa chini ukipandishwa mpaka 0.5 ili mstari usiyumbe, ile sehemu tunayoitazama kutafuta shambulio la moyo inaweza kupanda au kushuka kwa uongo. Nikamwomba muuzaji azime vichujio vyote. Nesi akamfunika mzee blanketi, akamlegeza mikono pembeni ya mwili, akafuta jasho kifuani, akabadilisha vile vikombe akaweka stika za kutumia mara moja. Nikachomoa waya wa mashine ukutani. Manyoya yakaondoka. Jengo letu ni la zamani na ethi yake, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, ni dhaifu, kwa hiyo umeme wa hezi 50 wa ukutani ulikuwa unaingia kwenye mchoro. Tukipata mchoro safi bila kichujio, ndipo tunaweza kuuamini.

Kwa hiyo vichujio lazima viweze kuzimwa kimoja kimoja, na kila karatasi inayotoka ionyeshe pembeni ni vichujio gani vilikuwa vimewashwa, kasi ya karatasi (milimita 25 kwa sekunde), na kile kijisanduku cha kusawazishia chenye kimo cha milimita 10 kwa milivolti 1. Bila maandishi hayo, daktari wa Dar es Salaam anayetumiwa picha hawezi kujua anatazama nini.

Stika za kutumia mara moja zinashika vizuri kuliko vikombe, ila zinakwisha, na pakiti iliyofunguliwa hukauka. Tutakuwa na vyote viwili. Kuhusu jeli, naomba sana wenzangu waache kutumia ile ya utrasaundi. Kinachopitisha umeme wa moyo kutoka kwenye ngozi ni chumvi, na jeli ile haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Willem Einthoven, Mholanzi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa ugunduzi wa ECG, aliwaambia wagonjwa wake kule Leiden watumbukize mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Mashine yake ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270 na ilihitaji watu watano kuiendesha. Jeli ya ECG ikiisha, pamba iliyoloweshwa maji ya dripu ya chumvi inafanya kazi nzuri.

Halafu rangi za nyaya. Hili nimeliandika kwa herufi nzito kwenye vigezo, na kama kuna jambo moja tu msomaji atalichukua hapa, naomba liwe hili. Duniani kuna mifumo miwili. Kwenye ule wa kimataifa tuliofundishwa nao wengi wetu, nyekundu ni mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Kwenye mfumo wa Marekani, nyeupe ni mkono wa kulia, nyeusi mkono wa kushoto, nyekundu mguu wa kushoto, kijani mguu wa kulia. Nyekundu, nyeusi na kijani zipo kote kote, na kila moja ina sehemu tofauti ya mwili. Hospitali moja ninayoifahamu ilipokea mashine ya msaada yenye nyaya za Kimarekani, nzima kabisa, ikaingizwa kazini kando ya mashine ya zamani yenye rangi za kimataifa. Manesi wakafunga nyaya kwa mazoea ya mkono. Wagonjwa waliokuwa wazima wakaanza kuonekana wana mioyo iliyoharibika, mpaka tabibu mmoja akashangaa kwa nini kila mtu siku ile mchoro wake umegeuka kichwa chini. Kigezo chetu: mfumo wa kimataifa tu, kwenye mashine zote, bila hiari. Nyaya zina herufi pia, R, L, F na N, na mimi nafundisha manesi wasome herufi, lakini usiku wa manane jicho huona rangi kwanza.

Hizo nyaya ndizo hufa kabla ya kitu kingine chochote. Zinakunjwa, zinakanyagwa na magurudumu ya kitanda, zinavutwa kwa kushika waya badala ya kichwa chake. Mzabuni ataleta seti ya pili ndani ya bei ile ile. Wengi hudhani kwa kuwa mashine nyingi zina tundu la pini 15 basi kebo yoyote itafaa. Tundu linafanana, mpangilio wa pini ndani unaweza kuwa mwingine. Nataka namba ya kipuri ya kebo iandikwe kwenye mkataba. Nataka pia pale kebo inapochomekwa pawe na alama ya moyo ndani ya kisanduku, uliowekwa kati ya vijipedo viwili, vile vibao vya kupigia shoti. Maana yake mgonjwa akipigwa shoti ya kuamsha moyo huku nyaya zimefungwa, mashine haitaungua.

Umeme sitausemea sana, kila anayeishi huku anaujua. Waliokuwepo Kigoma miaka ya jenereta za dizeli, kabla gridi ya taifa haijatufikia, wanakumbuka vifaa vilivyoungua. Stabilaiza itakuwepo. Betri iwe ya lithiamu, ile ya risasi ikiachwa bila chaji kabatini inakufa. Na iwe inafunguka kwa bisibisi ya kawaida, nisilazimike kupeleka mashine nzima Dar es Salaam kwa ajili ya betri. Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui: jenereta ikiwa haijatulia, mzunguko wake unahama kwenye hezi 50, na kichujio cha umeme kilichotegeshwa hezi 50 hakiukamati. Wakati wa jenereta, pima kwa betri.

Daktari kijana alitaka sana mashine inayotafsiri ECG yenyewe, inayoandika juu ya karatasi kwamba mgonjwa ana hili au lile. Karibu zote siku hizi zinafanya hivyo. Sikukataa, lakini nimeweka sharti kwamba maandishi hayo yaweze kuzimwa. Tulikuwa na kijana mcheza mpira, mwenye afya tele, aliyepigwa ECG kabla ya upasuaji wa ngiri. Mashine ikaandika kwamba anashukiwa shambulio la moyo. Upasuaji ukaahirishwa, mama yake akalia koridoni. Bingwa aliyetumiwa picha alijibu kwamba mstari ule ulioinuka ni umbile la kawaida, na huonekana zaidi kwa wanaume vijana wenye asili ya Afrika. Upande wa pili, mama mmoja mwenye ugonjwa wa figo, mashine haikuona cha kutaja isipokuwa mapigo ya kawaida, lakini mawimbi ya T, yale yanayofuata kila pigo kwenye mchoro, yalikuwa yamesimama marefu yenye ncha kali kwenye kifua chote. Sista ndiye aliyeyaona. Akamwita daktari, ambaye alijua ni potasiamu imepanda, akaanza kumpa kalsiamu bila kusubiri maabara. Maandishi ya mashine yangekubalika, mama yule angerudishwa kwenye foleni.

Fedha ambazo zingeenda kwenye skrini kubwa nimeomba ziende kwenye mafunzo. Muuzaji alipe siku za kufundisha, na wafundishwe manesi wa zamu zote, wa usiku wakiwemo. Kuhesabu mbavu mpaka nafasi ya nne, kuweka stika za kifuani, V1 kulia na V2 kushoto mwa mfupa wa kifua, kushuka nafasi ya tano kwa V4. Hayo hayaoti kichwani kwa kusoma kijitabu. Wafundishwe pia namna ya kumwandaa mama. Nesi tuliye naye kliniki huvuta pazia kwanza, humfunika kwa kitenge chake mwenyewe, kisha husema, "Mama, naomba ruhusa, nitagusa hapa chini ya titi la kushoto." Nimeona mara nyingi V4 ikiwekwa juu ya titi kwa aibu ya mpimaji, na mchoro unatoka si wenyewe.

Mawasiliano. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, na kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa. Wagonjwa wengi hawatafika huko. Karatasi yao itafika. Nataka mashine itoe faili la PDF kwenye flashi ya kawaida, bila programu ya kulipia. Picha ya simu inakunja mistari na kuleta kivuli, halafu mara nyingi jina na namba ya faili la mgonjwa vinaonekana wazi kwenye kundi la watu wengi. PDF isiyo na jina inaondoa mashaka yote mawili.

Kuna walionishauri ile ya chaneli 6 tuibadilishe, tuchukue kifaa kidogo kinachounganishwa na tableti kwa Bluetooth, kwa ajili ya kliniki za vijiji vya ziwani, ambako timu hupanda boti. Ni chepesi mno, na nimekishika, kinachora vizuri. Nimekikataa kwa sasa. Tableti ikipotea au ikibadilishwa toleo la programu, kifaa kimelala, na kule kijijini nataka mgonjwa aondoke na karatasi mkononi ya kumwonyesha daktari atakayemkuta mbele. Mwenye kukitumia mahali kama Uvinza au Sikonge kwa muda wa kutosha aniandikie, niko tayari kubadilisha msimamo.

Mengine ni ya kawaida na nayapita: mashine iwe imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, zabuni ipite NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, muuzaji aonyeshe nani atakuja kuitengeneza na kutoka mji gani, kitabu cha fundi kije pamoja na nywila ya menyu ya matengenezo. Nywila hiyo idaiwe kabla ya malipo ya mwisho. Baadaye simu hazipokelewi.

Kilichobaki ni kabati. Mashine tuliyo nayo sasa hufungiwa ofisini jioni kwa kuogopa wizi, na funguo huondoka na mtu. Hizi mpya nimeandika ziwe na toroli lenye mnyororo, zikae chumba cha dharura na wodini, zimechomekwa kwenye chaji, na kwenye daftari la kukabidhiana zamu kuwe na safu ya mashine: betri imejaa, roli ipo, nyaya kumi zimehesabiwa. Mganga mfawidhi amekubali toroli. Mnyororo na safu ya daftari tutavijadili Jumatatu na manesi viongozi, na sista yule wa saa nane usiku amesema atafika mapema.